Kiti cha Kuazima

3 Machi

Mwanangu, mboni ya jicho langu,

Salamu zangu zitangulie, na zikikukuta umesimama zikuvutie kiti. Mimi sijambo. Goti la kulia hunung'unika asubuhi, likishapata moto linanyamaza.

Jana uliposema kwenye simu, "Mama, nimechaguliwa katibu wa kamati ya kuandika kanuni," simu ikakatika kabla sijapiga kigelegele. Nilikipiga hivyo hivyo. Mteja aliyekuwa akijaribu sketi alidhani nimejichoma sindano. Nikamwambia, "Sindano gani! Mwanangu anawatungia sheria wasomi!" Akauliza, "Wasomi nao hutungiwa sheria?" Nikasema, "Tena na mwanangu."

Sasa nisaidie, maana nimeshajisifu sana na bado sijui najisifia nini. Fundi viatu wa mlango wa pili, yule mchokozi, hanipi nafasi. "Mama Katibu," anasema, "watu wamesoma mpaka macho yamewaingia ndani, leo hawawezi kukutana bila kupangiwa nani aanze kuongea?" Nikamjibu kwamba hata hariri ikikatwa bila kipimo ni matambara. Akanyamaza, lakini si kwa sababu nilimshinda. Alikuwa na misumari mdomoni.

Nakumbuka waliosema kwamba binti wa fundi cherehani akienda kusomea ukutubi ataishia kupangusa vumbi la vitabu. Haya! Vumbi limeota kamati.

Niandikie barua ya mkono unieleze kazi yenyewe. Simu naijua, ila simu haina kitu cha kushika. Na kama ofisini kuna karatasi zenye nembo, usione haya, chukua moja.

Msalimie sana mwalimu wako, Profesa. Simsahau mtu aliyefahamiana na baba yako, akaja kwenye msiba wake akakaa chini na sisi, yeye na suti yake, akakuahidi mbele ya watu kwamba shule hutaacha. Na hukuacha.

Mimi mama yako,
mwenye cherehani na mwenye wewe


12 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Karatasi yenye nembo ndiyo hii. Usiipige pasi.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna vyama vitano vya wataalamu: wanahistoria, wanajiografia, wanatakwimu, watu wa lugha, na sisi wakutubi. Kila kimoja kimezoea kugonga milango ya wakubwa peke yake na kuachwa barazani peke yake. Sasa vinataka kuungana viwe na sauti moja. Ili viungane lazima pawe na kanuni: nani apige kura, chama kikubwa kiwe sawa na kidogo au la, na wajumbe wangapi wawepo ndipo uamuzi usimame. Hiyo ya mwisho tunaiita akidi. Mwambie fundi viatu: ukikata kitambaa cha sare kabla wenye miili hawajafika kupimwa, umemkatia nani?

Tunakutana chumba cha juu maktabani, meza moja ndefu, feni moja inayolia kama mlango. Wanajiografia ni wengi, wanataka kura kwa idadi ya watu. Sisi ni wachache, tunataka kila chama kura moja. Wiki nzima tumebishana juu ya neno "angalau". Hayo yote nayaweza.

Lisilonipa usingizi ni kifungu cha tisa. Profesa ndiye mwenyekiti wa muda. Kifungu kinasema "ataendelea kushika kiti hadi mwenyekiti mwingine atakapopatikana". Mama, hadi lini? Atapatikana na nani, kwa siku ngapi? Hakuna. Nilipomuuliza, aliniwekea mkono begani akasema, "Binti yangu, kifungu cha tisa kiache kipumue." Kisha akasafiri.

Unajua kifungu hicho ni nini? Ni kiti chetu. Kile ambacho jirani Bi Miwani alikiazima kwetu kwa wiki moja, na leo miaka kumi na tano kiko kwake, na kingine pacha wake kiko chini yako kwenye cherehani. Hakuna aliyemwambia akirudishe lini, naye hakujisumbua kukumbuka. Mimi moyoni kifungu cha tisa nakiita kiti cha kuazima.

Nimeamua kutaka kiwekewe tarehe. Lakini yule ni kama baba kwangu, siwezi kumwumbua mkutanoni. Anarudi siku moja kabla ya mkutano wa tarehe 26 Aprili. Nitamwendea nimwambie uso kwa uso, alisikie kwangu kwanza. Hadi hapo, Mama, haya yasivuke kizingiti chako. Rasimu ni siri ya kamati. Nami nimeweka sahihi.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu mwenye nembo,

Barua imefika, na mkono uliopokea ulikuwa na chaki ya kitambaa, nikaenda kunawa kwanza. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Akidi! Nimeshalitumia neno hilo mara tatu. Wateja wa sare walipokuja wawili kati ya sita nikawaambia, "Akidi haijatimia, rudini kesho." Wakarudi kesho yake, sita wote, na adabu.

Ulichoniambia kuhusu Profesa kimenigusa. Mwendee kwa upole. Mtu aliyekushika mkono wakati wa giza humwashii taa usoni. Ila tarehe ni tarehe. Hata mimi nguo naitolea siku, na siku ikifika mteja ananisimamia.

Kuhusu yale ya kizingiti usiwe na shaka, mdomo wangu nimeushona pande zote mbili. Barua nimeiweka chini ya kioo cha meza ya kukatia, nembo tu ndiyo inayochungulia, maneno nimeyafunika kwa kipande cha kitambaa. Wanaiona na kutikisa kichwa. Hata mke wa Mwalimu wa Ramani, aliyekuja kupima gauni la bluu, alinyoosha shingo mpaka nikamchoma na pini. Nikamwambia juu juu tu kwamba mwanangu ndiye mwenye kalamu. Mume wake hufundisha mambo ya milima na mito pale chuoni. Sijui ndio hao hao wanajiografia wenu? Ni watu wazuri, mumewe hana makuu.

Kile kiti, tuache. Yaliyopita si ndwele.

Kula. Ukiwa na mawazo hukonda uso.

Mama yako


29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mkutano umefanyika na umeharibika.

Profesa alirudi jioni amechoka. Akaniambia tuonane asubuhi saa mbili, kabla ya kikao. Nilifika saa mbili kasoro kumi. Nikamkuta ngazini amezungukwa na wanajiografia, wanamuuliza habari za kifungu cha tisa, tena kwa namba yake, wakati kifungu hicho hakijafika mezani hata kwa wajumbe. Ndani ya ukumbi mjumbe wao akasimama na kusema mengine ambayo sitaki kuyaandika hapa. Watu walicheka. Profesa hakucheka. Alikunja makaratasi yake taratibu, mara mbili, mara nne, kama mtu anayekunja leso, akatoka.

Aliyekuwa na rasimu kwa maandishi ni mimi. Nimeambiwa nikabidhi faili mpaka ijulikane ilitokaje.

Mama, nina swali moja tu. Ile barua yangu ya Machi iko wapi?

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Pole, pole tena na tena. Wasomi gani hao wanaocheka mtu mzima? Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba wenye kijicho hawatakosekana. Ukipanda juu, watu wa chini wanaona soli ya kiatu chako tu.

Barua yako iko sandukuni, chini ya mashuka. Niliitoa kwenye kioo zamani. Haijasomwa na mtu. Labda waangalie huko huko ofisini, kuna watu wa kufagia, kuna madirisha.

Nimekushonea blauzi ya kola ndogo, ya kuvaa siku watakapokuomba radhi.

Mama yako anayekuombea


13 Mei

Mama,

Herufi zako hulala ukisema kweli. Kwenye barua hii zimesimama zote.

Sikukuandikia alichosema yule mjumbe kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Alisema hivi: "Ndugu wajumbe, kifungu cha tisa ni kiti cha kuazima. Jirani alikichukua kwa wiki moja, leo miaka kumi na tano, na mwenye kiti anaona haya kudai." Ukumbi mzima ulicheka. Mama, duniani ni watu wawili tu wanaokijua kifungu hicho kwa jina hilo. Mmoja alikuwa amekaa pale na kalamu mkononi. Mjumbe mwenyewe ndiye Mwalimu wa Ramani, mtu asiye na makuu.

Kwa hiyo Profesa alisikia kila nilichotaka kumwambia, ila alikisikia kwa kicheko na kwa kinywa cha mtu mwingine. Sasa hanisemeshi. Ananipita kwenye ngazi kama anavyolipita kabati.

Kamati imenitaka nieleze kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi rasimu ilitokaje. Nikisema kweli, kumbukumbu za kikao zitaandika kwamba mama wa katibu, fundi cherehani, aliwasomea wateja siri za wasomi. Litabaki humo miaka mia, maana sisi wakutubi hatutupi karatasi. Sitaliandika. Nitanyamaza, nao wataniondoa, na Profesa ataamini mpaka kufa kwake kwamba nilimuuza.

Sina hasira ya kupiga kelele. Ningekuwa nayo ingekuwa nafuu. Usinijibu kwa sasa.

Mwanao


21 Mei

Kwa Profesa,

Nakuamkia kwa heshima. Hunijui kwa maandishi, unanijua kwa msiba. Mimi ni mama wa mkutubi wako. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali pa nukta, nukta uiweke wewe.

Mwanangu hakukuuza. Aliyekuuza ni mdomo wangu. Aliniandikia barua ya siri, nikaiweka chini ya kioo cha meza yangu ili watu waone nembo. Nikajiambia nembo tu. Kisha akaja mke wa Mwalimu wa Ramani akasema, "Lakini shoga, hii nembo hata duka la picha wanaweza kuichora." Mwanangu aitwe mwongo, nami nina ushahidi chini ya mkono? Nikatoa barua nikamsomea. Nikamsomea yote. Na aliposema hajaelewa pale pa kiti, nikamsomea tena, nikiigiza na sauti. Mwanangu aliponiuliza, nilimwambia iko sandukuni. Niliitia sandukuni siku hiyo hiyo, ili uongo wangu upate mahali pa kulala.

Katika barua hiyo aliandika kwamba wewe ni kama baba kwake. Kwamba hataki kukuumbua. Kwamba atakwenda kwako kwanza. Hayo mke wa Mwalimu wa Ramani hakuyabeba, yalikuwa mazito.

Jambo la pili sijawahi kumwambia mtu. Kile kiti walichokuchekea, hadithi yake niliigeuza mimi. Jirani yangu Bi Miwani ndiye aliyekuwa na viti viwili pacha vya mikono. Sisi hatukuwa na hata kimoja cha mikono. Siku za mwisho za mume wangu wageni walikuwa wengi, Bi Miwani akanipa kimoja. Hakusema lini, nami sikuuliza. Msiba ukapita, nikakivuta kwenye cherehani kwa siku mbili tatu. Mwezi ukapita. Mtoto akaniuliza, "Mama, mbona Bi Miwani ana kiti kama chetu?" Ulimi ukanitangulia: "Alikiazima kwetu." Mjane mwenye fahari, Profesa, ni mtu wa hatari. Tangu hapo nikawa nasema hivyo mpaka nikaamini.

Ndiyo maana nakuandikia, mimi mkaaji kwa wewe mkaaji, unisamehe. Mtu akishakalia kiti, kiti hakimwambii kwamba si chake. Joto analolihisi ni la mwili wake mwenyewe, anadhani ni la kiti. Hakuna siku niliyoamka nikasema leo naiba. Siku zilipita tu. Ningeambiwa tarehe siku ile ya kwanza, ningekirudisha na asante juu. Dawa ni moja: siku ya kukichukua ndiyo siku ya kutaja siku ya kukirudisha. Baada ya hapo ulimi huwa mzito kwa wote wawili, aliyetoa na aliyechukua.

Barua hii isome mbele ya kamati yako. Jina langu waliandike kwenye kumbukumbu, tena kwa wino. Mwanangu anataka kulificha. Usimkubalie.

Wako,
mama wa katibu, kama bado ni katibu


3 Juni

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni na koti mkononi, nikajikuta nimekaa bila kujua.

Nimeisoma mbele ya kamati kama ulivyoagiza. Mwalimu wa Ramani alikuwepo. Aliangalia meza muda wote.

Nitakuambia kilichoniuma, kwa kuwa umenipa ukweli nami sina haki ya kukulipa adabu tupu. Sikuumia kwa kuchekwa. Nimefundisha miaka thelathini, nimezoea. Niliumia kwamba mtoto niliyemshika mkono alikuwa na neno la kuniambia akakosa mlango. Mpaka niliposoma barua yako ndipo nikakumbuka kwamba mlango niliufunga mimi. "Kiache kipumue," nilisema. Nilikuwa najisemea mwenyewe.

Kuhusu ukatibu wake sina uwezo. Kanuni ya siri ni kifungu cha nne, na kalamu iliyokiandika ni yake. Kinasema anayetoa rasimu nje ya kamati, kwa barua au kwa mdomo, kwa ndugu au kwa mgeni, atakabidhi nafasi yake. Nilitaka tukilegeze. Yeye ndiye aliyekataa.

Kwa heshima,
mwenyekiti, hadi tarehe 31 Agosti


18 Juni

Mama,

Shikamoo. Samahani karatasi haina nembo. Sina tena.

Kanuni zimepita. Vyama vyote vitano vimetia sahihi. Kifungu cha tisa kinasema hivi, nakuandikia kama kilivyo: "Mwenyekiti wa muda atashika kiti kwa muda maalumu, na siku ya kukichukua ndiyo siku ya kutaja siku ya kukirudisha." Mtu wa lugha alitaka kurekebisha. Profesa akasema hiyo sentensi haiguswi na mtu. Hakueleza ni ya nani kwa wasiojua. Faili langu analo mwanatakwimu mmoja mpole, jana alikuja kuniuliza nilikuwa naiweka wapi mikato yangu.

Profesa alinisubiri chini ya ngazi. Tulisimama. Akaniuliza habari za goti lako. Hatukuongea zaidi ya hapo, lakini tulisimama.

Ukatibu umekwenda, Mama, nitapata kazi nyingine. Kinachonirudia ni kiti. Nilikuwa na miaka tisa nilipomwita Bi Miwani "mla kiti" mbele ya watoto wa mtaa mzima. Nilipita mlangoni kwake miaka yote bila kumwamkia. Naye alikuwa akivua miwani tu akiifuta. Na wewe ulikuwa umekaa pale, juu ya kiti chake, ukicheka.

Sijui bado nikuandikie nini. Kwa hiyo nakuandikia kidogo.

Mwanao


26 Juni

Mwanangu,

Salamu zangu leo zije polepole, zibishe hodi kwanza.

Kiti nimekirudisha. Nilikibeba kichwani mchana kweupe, saa ambayo mtaa wote uko vibarazani, wala sikupita njia ya uani. Fundi viatu akauliza, "Mama Katibu, unahama?" Nikamwambia, "Ndiyo." Bi Miwani alifungua mlango, akakitazama kiti, akanitazama mimi. Akasema, "Nilidhani mmeshafunga ndoa." Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili, vibaya. Nikamwambia yote, na yale ya mtoto. Alivua miwani akaifuta. Hakusema nimesamehe. Alisema kiti kimelegea mguu, nikasema nitaleta gundi, akasema, "Lini?" Nikamwambia kesho saa nne. Nilikwenda saa nne.

Kuhusu wewe, anauliza kama bado una ile sauti kali. Nikamwambia ipo, ila siku hizi naisikia kwa nadra.

Sasa nashonea kwenye kigoda. Mgongo unalalamika, uache ulalamike. Blauzi ya kola ndogo imekwisha, iko kwenye kamba. Sikuitolea siku. Utasema wewe.

Ile sentensi ya kifungu cha tisa nimeisoma. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa kilichofuliwa. Maneno yangu, mwanangu! Maneno ya mtu wa darasa la saba, na yule wa lugha akakatazwa kuyagusa! Unanijua. Unajua mtu kama mimi akipewa kitu kama hicho anavimba mpaka vifungo vinaruka.

Barua yako ilifika nikiwa na mke wa Mwalimu wa Ramani. Alikuja kuongezewa upana lile gauni la bluu. Akaona bahasha, shingo ikanyooka. "Haya, Mama Katibu," akasema, "mwanao kaandika nini leo?"

Niliitia barua kifuani, nikachukua futi yangu.

"Inua mikono," nikamwambia, "nikupime."

Mama yako